UZI: Dk. Joseph Murray na figo ya kwanza iliyokubali mwilini (1954). Ufundi wa kushona ulikuwepo, kilichokuwa kinakosekana ni nini?

Mwana Raskazone (mleta uzi)

Wana Tanga, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa kusafisha damu kuna mchangiaji alisema kupandikiza figo ni kama kubadilisha pampu ya kisima: fundi akiwa hodari na pampu ikiwa nzima, maji yatatoka tu. Wengi mkamuunga mkono. Nimeona nifungue uzi wake, kwa sababu maisha ya Dk. Joseph Murray, daktari wa kwanza kupandikiza figo ya binadamu ikadumu, yanaonyesha jambo jingine kabisa. Mafundi hodari walikuwepo kabla yake, figo nzima zilipatikana, na wagonjwa waliendelea kufa.

Murray alizaliwa tarehe 1 Aprili 1919 huko Milford, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba mwanasheria aliyekuja kuwa jaji, mama mwalimu wa shule. Alisomea udaktari Harvard, akahitimu 1943 vita vikiwa vimepamba moto, akaanza kazi hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, kisha jeshi likamchukua. Badala ya kupelekwa mstari wa mbele akapangiwa hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Pennsylvania, kwenye wodi za askari walioungua na walioharibika nyuso. Kazi yake ikawa ngozi, na hapo ndipo figo zilipoanzia, ingawa yeye mwenyewe hakujua.

Aliletwa rubani kijana, Charles Woods, ameungua karibu asilimia 70 ya mwili. Ngozi iliyobaki haikutosha kuhamishiwa kwenye majeraha yote, kwa hiyo walimfunika kwa ngozi ya mtu aliyefariki wakijua ni ya muda tu. Kwa kawaida ngozi ya mtu mwingine huanza kugeuka rangi na kubanduka baada ya siku 10 hadi 14. Ya Woods ilikaa zaidi ya mwezi mzima, ikawapa madaktari nafasi ya kuhamisha ngozi yake mwenyewe kidogo kidogo. Kwa nini ilikaa? Mwili wake ulikuwa umedhoofika kiasi cha kukosa hata nguvu ya kukataa kitu kigeni. Na mkuu wake wa kazi pale, Kanali James Barrett Brown, alikuwa ameshaonyesha mwaka 1937 kwamba ngozi ya pacha wa kufanana ikihamishiwa kwa pacha mwenzake haibanduki.

Shikeni mambo hayo mawili, mwili uliodhoofika na pacha wa kufanana. Karibu kila alichofanya Murray miaka 20 iliyofuata kimetoka humo. Siku yenyewe ya upasuaji nitaileta baadaye, nawapisha kwanza wanaojua mambo ya mishipa.

Kofia ya Viua

Shukrani mkuu. Upande wa kushona, dunia ilikuwa na majibu tangu 1902. Mfaransa Alexis Carrel, wa mji wa Lyon, alikwenda kujifunza wepesi wa mkono kwa mwanamke mtarizi wa mji ule ule, Madame Leroudier, kisha akaupeleka kwenye mishipa ya damu.

Tatizo la mshipa uliokatwa ni hili: unasinyaa na mdomo wake unajikunja. Ukianza kushona hivyo hivyo, sindano inanasa ukuta wa upande wa pili na umeshaziba njia. Carrel aliweka nyuzi 3 za kushikilia kwenye ukingo, zikiachana sawasawa, wasaidizi wakazivuta, na mdomo wa mviringo ukageuka pembetatu. Sasa anashona upande mmoja ulionyooka, kama pindo la kitambaa, anageuza, anashona wa pili, kisha wa tatu. Alitumia sindano nyembamba mno na uzi wa hariri uliopakwa vaselini, ili uteleze na utobo ubaki mdogo. Kingo zinageuzwa nje kidogo ili utando wa ndani ukutane na utando wa ndani. Nyama ya nje ikiingia kwenye njia ya damu, damu inaganda juu yake na kazi yote imepotea.

Kina mama wanaoshona kofia za mkono hapa kwetu watalielewa hili upesi. Ukivuta uzi kupita kiasi kitambaa kinakunjamana, ukiulegeza kiua kinakaa wazi. Kwenye mshipa, ukivuta umebana njia, ukilegeza unavuja.

Carrel alipata tuzo ya Nobel 1912. Alihamisha figo za mbwa na paka mara nyingi. Figo ya mnyama ikihamishiwa sehemu nyingine ya mnyama yule yule ilifanya kazi. Ya mnyama mwingine ilianza vizuri kisha ikasimama, na mishono ukiifungua iko salama. Aliliona hilo, akaliandika, na hakuwa na dawa yake.

Fundi wa Mabawa

Mimi ndiye niliyeandika habari ya pampu. Sijaja kubisha, nataka kuelewa. Mshipa umeungwa vizuri, damu inapita, mkojo unatoka. Figo inakufa kwa sababu gani? Nani anaiua?

Mwalimu wa Bailojia

Fundi, umeuliza swali lililowasumbua madaktari tangu siku za Carrel hadi miaka ya 1950.

Inauliwa na chembe nyeupe za damu za mwenye mwili. Aliyethibitisha kwamba ni kinga ya mwili inayokataa ni Peter Medawar wa Uingereza, miaka ya vita, akianzia kwa majeruhi wa moto na kuendelea na sungura. Alipandikiza ngozi ya mtu A kwa mtu B, ikabanduka baada ya siku kadhaa. Akarudia na ngozi ya A yule yule, ikabanduka haraka zaidi. Maana yake mwili wa B ulikuwa umemkariri A, kama unavyoikariri surua. Medawar akapata Nobel 1960.

Ndani ya figo mambo huenda hivi. Siku za kwanza zote ni nzuri. Kisha chembe nyeupe zinaingia kwenye vimishipa vidogo na kwenye mirija ya figo, figo inavimba, mkojo unapungua, kreatinini (taka ya damu ambayo figo huitoa) inapanda, mgonjwa anapata homa. Bila dawa, wiki 1 hadi 2 zinatosha kuimaliza. Kuna na aina kali zaidi: mpokeaji tayari ana kingamwili (silaha za kinga zilizomo kwenye damu) dhidi ya mtoaji, kwa sababu ya kundi la damu lisilooana, kuongezewa damu zamani, au mimba. Hapo figo inageuka ya zambarau mezani kabla tumbo halijafungwa. Ndiyo maana leo hakuna upandikizaji bila kuchanganya chembe za mtoaji na majimaji ya damu ya mpokeaji kwenye maabara kwanza. Zikifa, safari inaishia hapo.

Angalia waliomtangulia Murray. Mwaka 1933 huko Kherson, Ukraine, daktari Yuri Voronoy aliweka figo ya mtu aliyefariki saa kadhaa nyuma kwenye paja la mwanamke aliyekunywa sumu ya zebaki, na kundi la damu halikuoana. Siku 2 tu, mgonjwa akafa. Boston kwenyewe, David Hume aliweka figo kwenye mapaja ya wagonjwa kati ya 1951 na 1953, mrija wa mkojo ukitokea kwenye ngozi. Nyingi zilikufa mapema, moja ikafika kama miezi 5. Zote zilishonwa na watu wanaojua kushona. Pampu ya kisima, Fundi, inakubali bomba lolote la kipimo chake. Figo imeandikwa jina la mwenyewe katika kila chembe.

Fundi wa Mabawa

Nimeelewa mwalimu. Ahsante sana, naifuta ile kauli yangu.

Mwana Raskazone

Tuingie siku yenyewe.

Hume alipoitwa jeshini 1953, kazi ya figo Brigham ikabaki kwa Murray. Alikuwa amefanya mazoezi kwa mbwa miaka kadhaa: anatoa figo ya mbwa, anaihamishia chini ya tumbo la mbwa yule yule, anatoa ile nyingine, na mbwa anaishi kwa figo iliyohama. Njia ya kuiweka chini ya tumbo badala ya pajani ilikuwa imetumiwa na Wafaransa 1951, René Küss akiwa mmojawapo, na ndiyo tunayoitumia hadi leo. Kwa hiyo mahali pa kuiweka anapajua na mshono anaujua. Kilichobaki ni mtu ambaye mwili wake hautaikataa.

Mwishoni mwa 1954 akaletwa Richard Herrick, miaka 23, figo zote mbili zimekufa. Naye ana pacha, Ronald, mzima wa afya. Kabla ya kisu walihakikisha kwanza kwamba ni pacha wa kufanana kweli. Walilinganisha makundi yote ya damu yaliyojulikana wakati ule, macho, masikio, wakawapeleka kituo cha polisi kuchukuliwa alama za vidole. Kipimo kilichoamua kilikuwa ngozi: kipande cha ngozi ya Ronald kikashonwa kwa Richard, wakasubiri wiki kadhaa huku mgonjwa anazidi kudhoofika. Kikakubali. Wala hawakuweza kumweka Richard kwenye mashine miaka. Brigham walikuwa na mashine ya kusafisha damu iliyotokana na ile ya Mholanzi Willem Kolff, lakini kila safari ya mashine iliharibu mshipa mmoja wa damu, na mishipa inakwisha. Njia ya kudumu ya kuingilia mshipa ilikuja 1960 kwa Scribner wa Seattle.

Jambo lililowatesa zaidi lilikuwa la Ronald. Mtu mzima kabisa, unampasua kwa faida ya mwingine. Daktari anakula kiapo cha kutodhuru. Murray na wenzake wakatafuta ushauri wa viongozi wa dini mbalimbali, wanasheria na madaktari wengine kabla ya kukubali. Siku chache kabla ya upasuaji Murray akafanya zoezi zima kwenye maiti, aone kama figo itakaa vizuri kwenye nyonga ya binadamu.

Tarehe 23 Desemba 1954 vyumba viwili vya upasuaji vilikuwa vinafanya kazi pamoja. Kwenye kimoja Hartwell Harrison anatoa figo ya kushoto ya Ronald, kwenye kingine Murray ameshafungua upande wa chini kulia wa Richard na mishipa iko tayari. Figo ikaletwa. Ateri ya figo (mshipa unaoleta damu) ikaungwa mdomo kwa mdomo na ateri ya ndani ya nyonga, vena (mshipa unaorudisha damu) ikashonwa ubavuni mwa vena kubwa ya nyonga. Dakika 82 figo haikupata damu, muda mrefu kwa enzi ambayo hata myeyusho wa kuhifadhia figo haukuwepo. Saa 5 na robo asubuhi vibano vikafunguliwa. Watu wakanyamaza chumba kizima. Figo iliyokuwa imepauka ikajaa, ikawa ya waridi, na mkojo ukaanza kutoka kwenye mrija ambao ulikuwa bado haujaungwa, ukatoka kwa wingi hata ikabidi upigwe deki sakafuni. Ndipo mrija ukapitishwa kwenye kibofu.

Richard alimwoa muuguzi aliyemhudumia baada ya upasuaji, wakapata watoto wawili, akaishi miaka 8. Kilichomwondoa 1963 hakikuwa kukataliwa kwa figo. Ugonjwa ule ule ulioua figo zake za kwanza uliirudia na hii, na moyo ukasimama. Ronald na figo yake moja aliishi hadi Desemba 2010, akiwa na miaka 79.

Bi Ngamiani

Nawashukuru wanangu kwa maelezo. Mimi nataka ya nyumbani. Zile figo mbovu zinatolewa? Na ndugu anayetoa yake, atakuwaje? Hapa mtaani watu wanaogopa kwamba ukitoa figo huwezi tena kubeba hata ndoo ya maji.

Nesi wa Zamu

Shikamoo mama. Figo mbovu kwa kawaida zinaachwa palepale zilipo, mgongoni. Kuzitoa ni upasuaji mwingine, na ukiziacha mara nyingi hazisumbui. Zinatolewa kama zina usaha usiokoma, kama presha haishuki kwa dawa, au kama zimejaa vifuko vya maji hadi hakuna nafasi. Richard Herrick alitolewa zake miezi kadhaa baadaye kwa sababu ya presha. Vinginevyo mtu aliyepandikizwa anatembea na figo 3.

Mpya inakaa chini ya tumbo, kulia au kushoto, juu kidogo ya kinena, nje ya ule utando unaofunika utumbo. Pana faida zake. Mishipa mikubwa iendayo mguuni iko pale pale, kibofu kiko karibu, na baadaye daktari anaweza kuigusa kwa mkono au kuichoma sindano ya kipimo bila kupita kwenye utumbo. Wapasuaji hupenda figo ya kushoto ya mtoaji kwa sababu vena yake ni ndefu zaidi. Ya kulia ina vena fupi na kushona kwake ni kwa shida. Lakini kuna sharti lisilovunjwa: ikiwa figo mbili za mtoaji hazilingani, iliyo nzuri zaidi inabaki kwake.

Ikishatolewa inasukumiwa myeyusho wa baridi, nyuzijoto 4 hivi, hadi yanayotoka kwenye vena yawe meupe, hayana damu tena. Kisha inazungushiwa barafu iliyopondwa. Tumbo linafunguliwa kwa mkato uliopinda, kutoka karibu na mfupa wa nyonga hadi juu ya kinena. Wengi huanza na vena kwa uzi mwembamba wa namba 5-0, kisha ateri kwa 6-0 ulio mwembamba zaidi, zote zikishonwa ubavuni mwa mishipa mikubwa ya nje ya nyonga. Mrija wa mkojo unakatwa mfupi makusudi. Damu yake inatoka kwenye figo, ukiuacha mrefu ncha inakosa damu, inaoza na mkojo unavuja. Unaingizwa kwenye kibofu kupitia njia ndogo iliyotengenezwa chini ya misuli, ili kibofu kikijikamua mkojo usirudi juu. Ndani yake kunawekwa bomba laini ambalo hutolewa baada ya wiki 4 hadi 6 bila kupasua. Hilo bomba, mama, likisahaulika huota mawe na kuleta maambukizi. Tarehe ya kulitoa iandikwe kwenye karatasi ya ruhusa, na ndugu mmoja aishike.

Wodini tunahesabu mkojo kila saa. Ukikatika ghafla, kwanza tunaangalia mpira wa mkojo. Donge dogo la damu linaweza kuuziba, unasukumiwa maji ya chumvi na mkojo unarudi. Usiporudi, inapigwa picha ya mawimbi ya sauti (ultrasound) kuona kama damu inapita kwenye figo. Ikiwa haipiti, mgonjwa anarudishwa chumba cha upasuaji bila kusubiri, kwa sababu donge kwenye ateri au vena huua figo upesi sana. Maji yakitoka kwenye kidonda, yanapimwa kreatinini. Ikizidi ya damu kwa mbali, huo ni mkojo unaovuja.

Kuhusu mtoaji: figo inayobaki inanenepa, na baada ya muda utendaji wake unafika kama asilimia 70 ya zile mbili za awali. Ndoo ya maji atabeba baada ya kidonda kupona, kwa kawaida wiki 6 hivi. Kinachomtaka uangalifu ni presha na sukari, kupimwa kila mwaka, na kuachana na diklofenaki na ibuprofeni za kununua dukani kila mgongo ukiuma. Mtu mwenye presha isiyotulia, kisukari, au protini kwenye mkojo hatakubaliwa kutoa, hata akilia.

Bi Ngamiani

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Na katika ndugu, yupi anafaa zaidi?

Mwalimu wa Bailojia

Bi mkubwa, kila mtoto anarithi nusu ya alama za kinga, zile ambazo mwili huzitumia kutambua chembe zake na za mgeni, kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, uwezekano wa kufanana alama zote ni robo, nusu kufanana nusu, robo kutofanana kabisa. Mzazi na mtoto daima wanafanana nusu. Mke na mume hawana uhusiano wa damu, lakini kwa dawa za sasa figo ya mwenza aliye hai hufanya kazi vizuri sana, ikiwa kipimo cha kuchanganya damu kimekubali. Siku ile ya 1954 alama hizo hazikujulikana kabisa. Jean Dausset alianza kuzieleza 1958.

Mgosi wa Korogwe

Naomba kusahihisha mleta uzi. Upandikizaji wa kwanza ulifanyika Afrika Kusini, na daktari ni Barnard. Hili tulifundishwa shule.

Mwana Raskazone

Mgosi, hujakosea jina, ila kiungo ni kingine. Christiaan Barnard alipandikiza moyo, hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967. Mgonjwa wake Louis Washkansky aliishi siku 18. Ni miaka 13 baada ya figo ya Herrick, na dawa za kutuliza kinga alizotumia zilitoka kwenye kazi ya figo.

Tuiendeleze hiyo, maana hapa ndipo Murray alipopata taabu kubwa, na watu wengi wakisimulia huishia kwa mapacha.

Mapacha walikuja wengine. Mwaka 1956 Edith Helm alipewa figo ya pacha wake, akajifungua mtoto 1958 akiwa wa kwanza duniani kuzaa na figo iliyopandikizwa, akaishi hadi 2011. Walipokuja mapacha wasiotimiza umri, iliombwa ruhusa ya mahakama. Lakini wagonjwa wangapi wana pacha wa kufanana? Murray akarudi kwa Woods: kama mwili uliodhoofika haukatai, tuudhoofishe kwa makusudi. Wakatumia mionzi ya mwili mzima. Katika wagonjwa 12, mmoja tu ndiye aliyeishi muda mrefu, naye alipewa figo Januari 1959 na pacha asiyefanana naye, akaishi zaidi ya miaka 20. Wengine 11 walikufa, wengi kwa maambukizi, kwa sababu mionzi haichagui. Inaua chembe zinazokataa figo pamoja na zinazopigana na kila kijidudu. Kuna watu wanaipita hii miaka haraka wakiandika sifa zake. Mimi naona ndiyo inayomwonyesha mtu alivyo: aliendelea kuandika matokeo yote, ya waliokufa pamoja na ya aliyepona, na aliacha njia hiyo alipopata bora.

Bora ikaja kama kidonge. Kijana wa Kiingereza, Roy Calne, alifika Boston 1960 akiwa ameona mbwa wenye figo ngeni wakiishi muda mrefu kwa dawa ya saratani ya damu. Maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion ikatoa ndugu wa dawa ile, azathioprini. Tarehe 5 Aprili 1962 Murray akampandikizia mgonjwa figo ya mtu aliyefariki, asiye na undugu naye, na ikafanya kazi zaidi ya mwaka. Thomas Starzl kule Denver akaongeza prednisoni, dawa nyingine ya kutuliza kinga, akaonyesha kwamba hata figo ikishaanza kukataliwa inaweza kurudishwa. Huyo ndiye aliyekwenda kuanzisha upandikizaji wa ini 1963.

Azathioprini nayo ilitaka mkono mzuri. Ikipungua, figo inakataliwa. Ikizidi, chembe nyeupe zinashuka na mgonjwa anakufa kwa nimonia huku figo inafanya kazi. Na ole wake mwenye jongo aliyeongezewa alopurinoli bila kupunguziwa azathioprini: alopurinoli inazuia mwili kuivunja, dozi ya kawaida inageuka sumu.

Murray alikuwemo pia kwenye kamati ya Harvard ya 1968 iliyoweka vigezo vya kutambua kifo cha ubongo. Mwaka 1971 akaacha uongozi wa kitengo cha figo na kurudi kwenye mapenzi yake ya kwanza, kurekebisha nyuso, hasa za watoto waliozaliwa na kasoro za fuvu. Nobel akaipata 1990, pamoja na Donnall Thomas wa upandikizaji wa uboho wa mifupa. Alifariki Boston tarehe 26 Novemba 2012, miaka 93.

Ustadhi wa Chumbageni

Kwa kuwa imetajwa habari ya viongozi wa dini, niongeze la upande wetu maana mjini hapa linaulizwa sana. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikaa Jeddah Februari 1988 na kuruhusu kupandikiza viungo kwa masharti: mtoaji aliye hai asidhurike kwa kupoteza kitu ambacho uhai wake unategemea, atoe kwa hiari, na kiungo kisiuzwe. Anayesema jambo hili halijajadiliwa na wanazuoni ajue lilijadiliwa kwa kina.

Mgosi wa Korogwe

Nimekubali kuhusu Barnard, ahsante mkuu. Sasa hivi hapa nchini wanafanya wapi?

Nesi wa Zamu

Muhimbili walifanya wa kwanza nchini Novemba 2017 wakishirikiana na madaktari kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wakaanza 2018 pamoja na Wajapani.

Ila kaka, kazi kubwa inaanza mgonjwa akirudi Tanga. Wengi leo wako kwenye dawa za kutuliza kinga: takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Takrolimasi ya kawaida ni kila baada ya saa 12, kila siku, na haisimami kwa sababu mtu anajisikia mzima. Anayeacha hasikii kitu wiki za mwanzo. Figo haiumi inapokataliwa; ni kreatinini inayosema.

Mambo mawili yanaharibu sana huku kwetu. La kwanza ni kifua kikuu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inafanya ini livunje takrolimasi kwa kasi, kiwango kinaanguka na figo inakataliwa katikati ya matibabu ya kifua. Mgonjwa aliyepandikizwa akigundulika na kifua kikuu, kliniki ya figo ijue kabla ya kidonge cha kwanza cha rifampisini, wapange dozi upya au wabadilishe dawa. La pili ni kinyume chake: dawa za fangasi kama flukonazoli, na antibayotiki kama erithromisini na klarithromisini, zinapandisha kiwango. Mikono inatetemeka, presha na sukari zinapanda, na figo ileile tunayoilinda inaumia kwa sumu ya dawa.

Fundi wa Mabawa

Dada, na matunda? Msimu huu machungwa ya Muheza yamejaa kila kona.

Nesi wa Zamu

Chungwa tamu la kawaida halina tatizo hilo. Balungi ndilo linaloachwa kabisa, na danzi vilevile, hata likiwa kwenye achari au jamu. Yanazuia utumbo kuivunja dawa na kiwango kinapanda. Lakini kama potasiamu (madini kwenye damu) ya mgonjwa iko juu, hata machungwa matamu atapimiwa, takrolimasi yenyewe huipandisha.

Bi Ngamiani

Na hiyo damu ya kupima dawa, inatolewa saa ngapi? Maana mgonjwa anatoka Tanga alfajiri, keshakunywa dawa zake.

Nesi wa Zamu

Hapo ndipo wengi wanapokosea, mama. Damu inatakiwa kutoka kabla ya dozi ya asubuhi, saa 12 baada ya ile ya usiku. Akinywa saa 3 usiku, damu itoke saa 3 asubuhi. Akimeza alfajiri nyumbani ndipo apande basi, kipimo kitasoma juu na daktari atapunguza dozi isiyopaswa kupunguzwa. Akisubiri bila kumeza hadi afike Dar mchana, kitasoma chini, na dozi itaongezwa bure. Kwa hiyo anasafiri siku moja kabla, analala huko, anameza saa 3 usiku kama kawaida, asubuhi anakwenda maabara na kidonge chake mfukoni, anatolewa damu, kisha anameza papo hapo kwa maji. Na saa aliyomeza ya usiku aiandike kwenye karatasi ya kipimo, asimwachie mtu wa maabara akisie.